Glasi Zenye Alama Nyekundu

Nyumbani walimtania kwa jina la Mkunga wa Samaki, ingawa samaki hawakumhusu hata chembe. Kwa miaka ishirini na sita alichunguza maabarani mayai ya nungu wa baharini, yule mnyama wa duara mwenye miiba anayejibanza miambani. Alichanganya mayai na mbegu za dume kwenye glasi ya maji ya bahari, akainamia darubini, akasubiri. Yai likisharutubishwa hujivika utando kama pete, na baada ya saa moja na ushee hugawanyika kuwa mawili. Kila lilipogawanyika, alishangaa kama siku ya kwanza.

Mwaka mmoja mayai hayakugawanyika. Yalivaa utando, kisha yakasinyaa. Akabadilisha wanyama, akabadilisha hata taa. Wapi! Mwishowe akaandika kwamba maji ya ghuba yana sumu. Serikali ikapiga marufuku kuokota chaza humo, na mke wa kaka yake, aliyeishi kwa chaza hizo, akabaki mikono mitupu.

Asubuhi moja alimkuta Mama Usafi, mfagizi wa maabara, kwenye sinki, povu hadi viwikoni, anasugua glasi zenye alama nyekundu. Glasi hizo za mayai huoshwa kwa maji matupu tu. Sabuni kidogo isiyoonekana yatosha kuua yai.

"Mama, umeanza lini kuziosha hizi?"

"Tangu uumwe mgongo mwaka jana, mwanangu. Nilikuonea huruma. Si zimetakata?"

"Zimetakata," akajibu, akatafuta kiti.

Akanunua glasi mpya, akateka maji yale yale ya ghuba. Mayai yakagawanyika: mawili, manne, manane. Akazima taa ya darubini, akaenda kwa wifi yake.

"Sabuni?" wifi akafoka. "Watoto wa kaka yako wamekaa nyumbani mwaka mzima, hawana ada, kwa ajili ya sabuni?"

"Ndiyo, wifi. Nimeandika barua ya kufuta ripoti. Nikiipeleka, kazi sina."

"Ipeleke. Na usipite hapa kunisalimia."

Barua ilisema glasi aliziosha mwenyewe kwa sabuni, kwa uzembe. Mkurugenzi aliisoma mara mbili, kisha akanyoosha mkono kudai ufunguo.

Mama Usafi alimkuta akifungasha miwani na koti lake.

"Unatuacha, mwanangu? Kulikoni?"

"Mgongo, mama. Umezidi."

"Ningejua, ningekusaidia zaidi."