Jina la Ta Mutembei Gazetini

Privatus Rwegasira alikuwa mchora vibao mjini Bukoba. Alichora ng'ombe kwenye milango ya mabucha na, kuanzia mwaka 1969, hadithi ya picha katika gazeti dogo la elimu ya watu wazima, lililosomwa madarasani hadi Izigo na Muleba.

Hadithi za picha alizijulia dukani kwa Lalit Prabhudas, alikonunua rangi. Lalit alikuwa na sanduku la vijitabu vya Kiingereza vya tangu utoto wake, vyenye watu wanaoruka juu ya majumba.

"Kila mmoja ana majina mawili," Lalit alimweleza. "La nyumbani na la kazi. La kazi linatokana na alichofanya, au mnyama anayefanana naye. Wengine wamepewa na maadui kwa kutukanwa, wakalivaa hivyo hivyo."

"Basi hao ni Wahaya."

"Wahaya wa suruali za kubana," alisema Lalit.

Privatus hakuwa anatania. Kwao Kanazi, mwanamume husimama na mkuki mbele ya watu akataja tendo lake, na jina alilolipata kwa tendo hilo. Kujitaja huko ndiko kwebuga. Zamani walifanya mbele ya Mukama, mfalme wao. Siku hizi hufanya arusini.

Shujaa wake gazetini aling'ang'ania nyuma ya lori la kahawa ya magendo mpaka polisi wakafika. Privatus akamwita Sikuachia, jina alilolisikia Kanazi tangu mdogo. Alijua ni la nani. Aliona tu kwamba, utawala wa Bakama, wafalme hao, ukiwa umefutwa, majina yale yamebaki kama njia ya shambani, apitaye apite.

Toleo la tatu lilipotoka, Ta Mutembei, mzee mwenye jina hilo, alipanda basi kutoka Kanazi. Alimkuta Privatus juu ya ngazi.

"Shuka."

Akashuka. "Shikamoo, Ta."

"Mashamba tumeambiwa ni ya ujamaa. Na majina pia?"

"Ta, nilidhani ni heshima."

"Chui alikuwa juu ya kaka yangu. Nikamshika mkia, sikuachia mpaka mikuki ikafika. Wewe umeshika nini?"

"Brashi, Ta."

"Keshokutwa namwoza Jovita. Wakwe wanatoka Muleba, na vijana wao wote wanasoma gazeti lako. Nitasimama nitaje jina langu, waseme baba wa bibi arusi kaliokota gazetini."

"Toleo lijalo nitaandika kwamba..."

"Lijalo lini?"

"Mwisho wa mwezi."

Mzee akaenda zake kituoni.

Jumamosi Privatus alikwenda Kanazi bila kualikwa. Ta Mutembei alisimama na mkuki, akavuta pumzi, akataja jina lake. Upande wa bwana arusi kijana mmoja akapaza sauti: "Mzee wa gazeti! Lori liko wapi?" Wakacheka. Mkuki ukashuka. Jovita aliinamisha kichwa zaidi ya ilivyompasa bibi arusi.

Privatus hakuwahi kwebuga maishani. Hakuwa na tendo. Akamnyang'anya jirani mkuki, akaruka katikati ya uwanja.

"Mimi Rwegasira! Mimi ndiye Mwiba-Jina! Niliingia Kanazi mchana kweupe, silaha yangu penseli! Mutembei alishika mkia wa chui kabla mama yangu hajaolewa. Mimi nikashika jina lake, nikaliiba, hata hodi sikupiga! Lori ni langu! Sikuachia ni wake!"

Kicheko kilikuwa kikubwa kuliko cha kwanza, na safari hii kilikuwa chake peke yake. "Mwiba-Jina! Rudia!" walipiga kelele. Hatimaye baba wa bwana arusi akainua mkono. "Tunyamaze, waitu, ndugu zangu. Tumsikilize mwenye jina."

Ta Mutembei akaanza upya, tangu alfajiri ya siku ile ya chui, na jina la kaka yake akalitaja mara tatu. Hakuna aliyetaja lori.

Kikapu cha kahawa ya kutafuna, ya kukaribishia wageni, kilipozungushwa, mzee alikichukua mwenyewe, akamwekea Privatus mbele ya magoti, akangoja mpaka alipochukua punje.

"Mkuki uliushika vibaya," alimwambia.

Toleo la nne lilikuwa na shujaa yule yule na lori lile lile, ila jina hana. Darasa la Izigo likaandika barua kuuliza anaitwa nani. Privatus akajibu kwamba bado hajapewa, na wao waliomwona akifanya kazi ndio wa kumpa.