Chini ya Tangi la Mama

Kabla sijaona chochote, nilisikia maandazi. Ndivyo masikio yangu yalivyoniambia: mahali fulani nyuma ya ukuta wa mabati mafuta yamechemka, mtu ametumbukiza unga, na sasa kuna ile sauti ya kukaanga isiyopumzika. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, Majengo, hapa Nyeri, baridi ya Julai imeingia hadi ndani ya viatu, na sikuwa nimekula. Nikasukuma kipande cha bati kilichotumika kama mlango, nikaingiza kichwa.

"Funga macho!" mtu akafoka.

Nilichelewa. Mwanga mweupe wenye ubuluu ndani yake ulinipiga usoni, ukazimika, na giza la karakana likarudi likiwa na doa la kijani katikati. Ndani ya giza hilo mzee mmoja alivua kofia yake ya kuchomelea vyuma. Chini yake alikuwa na kofia nyingine, ya kufumwa, ile ya kwenda nayo msikitini.

"Unatafuta nini, binti?"

"Maandazi," nikasema.

Alicheka hadi akaketi juu ya ndoo. "Basi umesikia vizuri. Moto ukiwa sawa huimba hivyo hivyo. Ukisikia kama mvua juu ya bati, ujue fundi ameharibu."

Nilibaki hapo hadi adhuhuri. Alinikataza kutazama, nami nikatazama kupitia vidole, kama mtoto kanisani. Jioni macho yangu yalijaa mchanga usiokuwepo. Mama alinilaza kitandani, akakata kiazi kibichi, akaniwekea vipande viwili juu ya kope.

"Ulikuwa unatafuta nini kwa mafundi?"

"Nataka kujifunza kuchomelea."

"Ili?"

Nimelifikiria swali hilo tangu siku ile. Nilitaka tu kuushika ule mwanga.

Watu wa kwetu hawaelewi kitu kisicho na "ili". Ukifuga kuku wawili, jirani anauliza mayai unampelekea nani. Ukipanda maua kando ya ua, unaulizwa kama yanasafirishwa nje. Sisemi kwa dharau. Ardhi hii ya mteremko imewalisha watu kwa sababu hawakuichezea. Lakini nilipoanza kwenda Majengo kila Jumamosi, nikirudi na mashimo madogo kwenye sweta, maswali yalinizunguka kama mbu. Umeacha kuandika? Kitabu hakikuuzwa? Unafungua karakana? Nikajibu kila mtu kwamba ni uraibu, kitu cha kujipendea tu. Neno lenyewe liliwaudhi.

Rafiki zangu wa Nairobi, watu wa vitabu, waliniudhi kwa upande mwingine. Wao walikuwa na "ili" tayari mkononi. "Kwa hivyo riwaya ijayo inahusu chuma," mmoja alisema, akafurahi kwa niaba yangu. Mwingine alitaka kujua kama nimeshapata taswira ya kuunganisha. Niliwaambia hakuna riwaya, hakuna taswira, kuna mimi na chuma na majeraha mawili mkononi. Walitabasamu kama watu wanaojua kwamba wanafichwa siri.

Mzee hakuuliza. Alizaliwa Majengo, na babu zake walikuja kutoka pande nyingi wakakutania humo humo, kwa hivyo alikuwa amezoea watu wanaotokea mlangoni bila maelezo. Jumamosi tatu za kwanza hakunipa hata fimbo moja ya kuchomelea. Alinisimamisha nimempa mgongo, uso ukitazama ukuta, yeye akachomelea nyuma yangu.

"Sasa?"

"Maandazi."

"Sasa?"

"Mvua."

"Sasa?"

"Inanguruma. Imeganda?"

"Imeganda. Umbali umekuwa mfupi mno, fimbo imeng'ang'ania chuma kama mlevi na nguzo." Nikasikia akiing'oa kwa kuipindua. "Macho yanadanganywa na mwanga. Sikio halina mchezo."

Nilipopewa fimbo hatimaye, niligandisha kumi na moja mfululizo. Ya kumi na mbili iliimba kwa urefu wa kidole changu cha shahada, kisha ikanyesha. Nilipiga kelele ya furaha. Mteja mmoja aliyekuwa akingoja toroli lake alimwuliza mzee, "Ati siku hizi unafundisha warembo?"

"Huyu ndiye atakayeunga gurudumu lako."

"Wacha niende nalo tu likiwa hivyo."

"Nenda nalo," nikamwambia, "lakini ulibebe begani." Mzee alitazama chini ili asicheke mbele ya mteja.

Ikaja habari ya tangi. Maji ya mfereji kwetu huja Jumanne na Ijumaa, na mama alikuwa na tangi la lita elfu moja lililokaa chini, nyuma ya jikoni. Tangu baba afariki alichota kwa kuinama, ndoo kwa ndoo, na magoti yake yalikuwa yameanza kulia kama bawaba kavu. Tangi likiinuliwa juu, maji yangeteremka yenyewe hadi kwenye bomba chini yake, na mama angechota akiwa wima. Kilichohitajika kilikuwa stendi ya chuma.

"Nitaitengeneza mimi," nikasema.

Baba mdogo, ndugu ya marehemu baba, alikuwa amekuja kututembelea kutoka Sagana anakouza vifaa vya ujenzi. Aliweka kikombe chini.

"Wewe?"

"Mimi."

"Sikiza. Lita elfu moja ni tani moja. Ni kama kuweka ng'ombe wawili wakubwa juu ya kichwa cha mama yako, asubuhi na jioni, kila siku akisimama hapo chini kufungua bomba. Hiyo si kitu ya uraibu. Mimi niko na stendi poa kule dukani, imepigwa na wanaume. Naleta wiki ijayo."

Alikuwa sahihi kuhusu ng'ombe, na hilo ndilo lililoniuma. Niliiona stendi ikipinda, nikamwona mama na sufuria yake chini. Nilikuwa karibu kukubali. Kisha mama, ambaye hajawahi kumpinga shemeji yake mbele ya chai, akasema, "Wacha atengeneze. Ikikataa, utaleta yako."

Kwa hivyo sikuweza tena kurudi nyuma. Kama stendi yangu ingekataa, mama angekuwa amevunja heshima bure. Kama ingekubali halafu ikaanguka baadaye, sitaki hata kuandika.

Nilikata vyuma vya pembe, miguu minne, mikanda ya chuma ya kuishika, viungo kumi na sita kwa jumla. Nilivichomelea polepole kwa Jumamosi mbili. Nilipogonga na kuondoa gamba jeusi, chini yake mshono ulilala vizuri, wimbi juu ya wimbi, kama kiondo kilichosukwa na bibi mwenye subira. Nilipiga picha. Nilimwita baba mdogo aje na pikapu kuichukua.

Alikuja, akaizunguka, akapitisha kidole kwenye mshono. Mzee akachukua nyundo ile kubwa.

"Bado," akasema. Akapiga kiungo cha kwanza. Cha pili. Cha tatu. Kila pigo lilipita ndani ya meno yangu. Kwenye cha saba chuma kilitoa sauti ya kikombe kilichopasuka, na mkanda ukaning'inia.

Tuliinama sote watatu. Mshono wangu mzuri ulikuwa umebanduka mzima mzima, kama ganda la ndizi. Chini yake chuma kilikuwa safi, kinang'aa, hakijaguswa.

"Umepamba," mzee akasema kwa upole. "Uliogopa kutoboa, ukapunguza moto. Moto haukuingia."

Najua rafiki zangu wa Nairobi wangefanya nini na maneno hayo. Wangeyaweka kwenye ukurasa wa kwanza. Mimi niliyachukia, kwa sababu yalikuwa yanahusu kiungo cha saba na magoti ya mama yangu, na hayakuhusu kitu kingine chochote.

"Si nilisema?" Baba mdogo alikuwa ameshatoa simu. "Mambo ya vitabu na vyuma haipatani. Ngoja niambie kijana wa duka apakie ile yangu."

"Baba mdogo, weka simu."

"Ati?"

"Mama alisema ikikataa. Haijakataa. Kiungo kimoja kimekataa."

"Na hizo zingine tisa hajapiga?"

"Hatapiga. Nitazikata zote."

Alimtazama mzee, mwanamume kwa mwanamume, akitafuta msaada. Mzee alikuwa akitafuta miwani yake. "Stendi yangu ya kwanza, bwana," akasema, "ilivunjika nikiwa bado naipaka rangi."

Baba mdogo aliondoka na pikapu tupu. Nikachukua grinda. Nilikata viungo vyote kumi na sita, hata vile sita vilivyokuwa vimestahimili nyundo, kwa sababu sikutaka kitu chochote cha woga wangu kikae juu ya kichwa cha mama. Cheche ziliruka hadi kwenye ukuta. Nililia kidogo ndani ya kofia, mahali pazuri sana pa kulilia, hakuna anayeona.

Mara ya pili nilipandisha moto. Nilitoboa chuma mara tatu, nikaziba, nikaanza upya. Matokeo yalikuwa mabaya kutazama: vinundu, matone, mshono kama njia ya mtu aliyetoka kilabuni. Lakini sauti ilikuwa sawa kuanzia mwanzo hadi mwisho, na nilijua kabla mzee hajainua nyundo. Alipiga viungo vyote kumi na sita. Kisha akavirudia vyote. Kilichosikika kilikuwa kama kengele.

"Peleka," akasema. Hakunisifu. Alifuta mikono, akaongeza, kama mtu anayezungumzia hali ya hewa, "Mwalimu wangu alinikalisha chini ya stendi yangu ya kwanza siku ya kujazwa maji. Mimi sikutumi ufanye hivyo. Nakuambia tu."

Ijumaa iliyofuata tangi lilikuwa juu, mita mbili kutoka ardhini, miguu imezama kwenye zege iliyokwisha kukauka. Baba mdogo alikuja bila kuitwa. Alikuwa amesikia. Maji yalipoanza kupanda kwenye mpira, nilitoa kigoda jikoni nikakiweka chini kabisa ya tangi, katikati ya miguu minne, nikaketi.

"Unafanya nini?"

"Nangoja lijae."

"Toka hapo."

"Wewe ulisema ng'ombe wawili. Wacha waje wanikute."

"Huyu msichana ni mwendawazimu. Shemeji! Njoo umtoe mtoto wako!"

Mama alitoka jikoni na ungo wa maharagwe. Alitazama juu kwenye tangi, akatazama viungo vyangu vyenye vinundu, kimoja baada ya kingine, bila haraka. Niliogopa wakati huo kuliko wakati mwingine wowote, kwa sababu macho yake ni ya mtu aliyeshona sare zetu zote. Kisha akarudi ndani. Akatoka na kigoda cha pili.

"Sogea," akaniambia.

"Mama, hapana. Wewe kaa kule."

"Si hapa ndipo nitakuwa nasimama kila siku? Sogea."

Akaketi, goti lake likagusa langu, akaanza kuchambua maharagwe. Juu yetu maji yalinguruma ndani ya plastiki, kwanza kwa mwangwi, kisha kwa sauti nzito zaidi na zaidi kadiri yalivyopanda. Nilihisi uzito ukishuka kwenye miguu ya stendi. Chuma kililia mara moja, kidogo, kama mtu anayejiweka sawa kitini. Mama alisita, haragwe kati ya vidole. Kisha akalitupa bovu, akaendelea.

"Shemeji, tafadhali," baba mdogo alisema. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Nakuomba. Toka hapo."

"Nitatoka maharagwe yakiisha."

Baba mdogo alishika valvu ya mpira wa kujazia kama anayetaka kuifunga. Mama alimtazama tu. Aliiachia.

Karibu saa nzima ilipita hivyo, sisi wawili chini, yeye akizunguka zunguka kando ya ua. Halafu tone baridi liliniangukia shingoni, likafuatwa na mengine, na maji yakafurika ukingoni yakatumwagikia sote wawili na maharagwe yetu. Mama alipiga yowe la msichana. Tani moja ilikuwa juu ya vichwa vyetu, na ilikuwa imekaa.

Baba mdogo alifunga valvu. Alisukuma mguu mmoja wa stendi kwa kiganja, akaupiga teke kidogo, akajikuna kidevu.

"Sawa, imeshika," akasema. "Lakini mimi nauliza tu. Na hiyo mikono imeungua hivyo, nani atakuja kukuoa?"

Nilifungua kinywa. Mama alinitangulia.

"Atakayekuja atapita chini ya tangi."

Akainuka, maji yakimtiririka kwenye leso aliyojifunga, akaelekea jikoni, nasi tukamfuata. Nyumbani kwetu hakuna mgeni aliyewahi kuondoka bila chai. Hata wakusanya kodi hupewa, hata watu tuliogombana nao kwa ajili ya mpaka. Birika lilikuwa jikoni, limejaa, linatoa mvuke. Baba mdogo alilitazama. Mama alilipita, akavuka sebule, akafungua mlango wa mbele na kuushikilia wazi.

"Wasalimie watu wa Sagana, shemeji," akasema.

Aligeuka akatazama jikoni, birika likiendelea kutoa mvuke. Kisha akatoka, na mama akaufunga mlango nyuma yake.