Radhi Niliyonyimwa Gando

Ripoti ya kipimo cha mapafu niliisoma mwenyewe, na hilo ndilo lililoniponza. Nimesomesha skuli miaka mingi, Kiingereza cha kamusi ninacho. Pafu la kulia lina kinundu cha milimita nane, asili yake haijulikani, mgonjwa aonwe na daktari bingwa. Nikachukua rula, nikapima kwenye karafuu kavu iliyokuwa uani. Kinundu kilizidi nusu ya karafuu kidogo tu. Kitu kidogo hivyo, na chakula kikanishinda.

Bingwa angekuja hospitali yetu ya Wete kutoka Unguja siku tisa mbele. Siku tisa ni nyingi kwa mtu mwenye kamusi. Kila nikikohoa nilisimama nikajisikiliza. Sikumwambia mtu. Nilichofanya ni kuanza kutaka radhi, nyumba hadi nyumba, kama mtu aliyekwisha funga mizigo. Jirani yangu akadhani nakwenda kuhiji. Akaniombea nirudi salama, akaniagiza maji ya zamzam. Nikaitikia amina. Niliona afadhali nidanganye safari ya Makka kuliko kulitamka neno saratani.

Akabaki wifi yangu wa Gando, mjane wa kaka yangu. Tulikuwa hatusemi miaka minne. Siku ya msiba nilimwambia mbele za watu kuwa amemchelewesha mumewe hospitali. Nilijua hata siku ile kwamba kaka mwenyewe ndiye aliyekataa kwenda, kwa woga. Nilisema hivyo hivyo, kwa uchungu wangu.

Nilimkuta jikoni anakuna nazi. Nikamwambia nimekuja kutaka radhi. Akaniuliza nasafiri wapi. Yeye sikuweza kumdanganya. Nikatoa bahasha, nikamweleza yote, na siku ya bingwa nikamtajia. Alisikiliza mpaka mwisho, akaiweka mbuzi kando.

"Radhi sikupi," akasema. "Nduguyo alinitaka radhi, nkampa zote, akajilaza akangoja. Weye nenda kwa bingwa kwanza. Ukirudi, ndo nikupe."

Nilikasirika kweli. Nimekwenda kwa unyenyekevu wangu wote, mtu ananinyima! Njia nzima ya kurudi Wete nilikuwa nikimsema moyoni, hata nikasahau kujisikiliza kifua. Nilipofika nyumbani ndipo nikakumbuka alichosema juu ya kaka, na woga ukarudi palepale, safari hii pamoja na aibu.

Siku ya bingwa ilipofika nilikuwa nimekwisha tafuta sababu ya kutokwenda: mvua, magoti, kinundu chenyewe kidogo. Nikaenda, lakini kwa kujiburura. Wifi yangu nilimkuta amekaa kwenye benchi la hospitali, amevaa baibui, amefika kabla yangu. Nikakaa pembeni yake.

Muuguzi alipoita jina langu, aliyesimama kwanza ni yeye.