Mipapindi ya Maji ya Kuazima

"Hutaweza." Ndivyo nilivyopokelewa kijijini kwetu Maji ya Chai, chini ya Mlima Meru, niliporudi kutoka Pemba na mfuko wa mbegu nyekundu. Fundi baiskeli, jirani yangu tangu utotoni, ndiye aliyetangulia kusema: "Bwana Diploma, huku mnazi wenyewe unagoma, sembuse hicho kichaka chako cha kisiwani?" Shangazi yangu alisema baridi ya Juni itaniumbua, na kabla ya vuli nitakuwa naomba kibarua kwenye mashamba ya maua.

Niliwaacha waseme. Katika ukoo wetu hakuna aliyevuka darasa la saba kabla yangu. Nilijisomesha diploma ya kilimo cha bustani kwa kuuza miche ya kahawa, nikaajiriwa Pemba kutunza miti, na huko nikakutana na mpapindi. Ni ndugu wa mnazi, ila mwembamba, mwenye pete shinani, na huota kwa mafungu kama mgomba. Duniani kote, msitu wake wa asili uko Pemba tu. Mbegu zangu nilizichuma kwa kibali kwenye fungu moja lililokuwa limebaki peke yake kando ya mashamba.

Nilizipanda kwenye viriba, vile vifuko vya plastiki vya miche, nyuma ya nyumba, katika banda la neti ya kivuli. Zikakaa kimya miezi na miezi. Kila asubuhi ukungu wa Meru ulishuka ukajaa bandani, na mimi nikasimama ndani yake nikiangalia udongo mtupu. Siku moja rafiki yangu wa Pemba akanipigia simu. Fungu lile limekatwa, akasema, pale panajengwa nyumba. "Hizo ulizonazo ndizo uzao wake wote uliobaki. Zikifa, basi."

Nilipokata simu nikaenda bandani. Kiriba kimoja kilikuwa kimepasuka udongo, na ncha nyeupe imechungulia. Hadi jioni vilikuwa vimepasuka vingi. Nimesoma uotaji wa mbegu na somo hilo nililifaulu vizuri. Kwa jambo lile sina maelezo.

Miche ilipofika urefu wa shubiri ikaanza kulala upande mmoja. Mwanga uliingia kutoka magharibi, nilikoacha neti wazi. Upande wa mashariki kuna ukuta wa matofali. Mmea hufuata mwanga, hata mtoto wa shule anajua. Yangu iliinamia ukuta. Nikageuza viriba vyote. Baada ya siku chache ikawa imerudi kuinamia ukuta, yote, kama watu waliopanga mstari.

Fundi alikuja kuona, akaelekeza kidole ukutani. "Pemba si ndiko huko?" Hakucheka.

Kisha ncha za majani zikabadilika, zikawa kahawia. Niliitambua rangi ile kabla sijainama. Ni rangi ya meno yetu, sisi tuliokulia maji ya mfereji wa chini, yenye floridi nyingi, na ndiyo niliyokuwa nikimwagilia. Hapo fundi akapata ucheshi wake: "Imeshakuwa wenyeji. Ikitabasamu tu, hata Dar watajua inatoka wapi." Nilicheka naye. Wiki ile miche kadhaa ikafa.

Mfereji wa juu unatoka kwenye chemchemi safi ya mlimani. Maji yake hayauzwi. Yana zamu, na zamu anapewa aliyeshika jembe siku za kusafisha mfereji. Mimi nilikuwa nimemtuma kibarua anisafishie, kama wafanyavyo wenye pesa wa Njiro, kule mjini. Wazee wa mfereji wakaniambia jasho la kukodi halihesabiwi. Kwa hiyo ilibidi niazime zamu za wenzangu, na kila zamu waliyonipa ilimaanisha shamba lao linakaa na kiu. Mama muuza ndizi wa barabarani akanipa. Fundi akanipa kwa kunung'unika. Nikaenda kwa shangazi.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Sema shida yako, maana salamu hii imekuja na ndoo."

"Naomba zamu yako."

"Na maharage yangu yanywe nini, diploma?"

Alitaka kuiona miche kwanza. Alifika mlangoni mwa banda, akasimama. Ukungu ulikuwa bado haujapanda. Miche yote ilikuwa imetugeuzia mgongo, imeinamia ukuta.

"Inasikiliza," akanong'ona.

"Inasikiliza nini?"

"Niulizwe mimi? Si wewe uliyesoma?" Hakuingia ndani. Akajifunga khanga vizuri, akageuka. "Chukua zamu. Sitaki iseme kuwa mimi ndiye niliyeinyima maji."

Majani mapya yakatoka ya kijani mpaka nchani. Uzao wa fungu lile uko hai Arusha, chini ya mlima, na aliyeukuza ni mimi. Msimu wa kusafisha mfereji ulipowadia nilikuwa wa kwanza kufika, jembe begani, na sehemu ya mawe nikachimba mimi. Nikapata zamu zangu. Wakati huo nilikuwa nimeweka tangi la maji ya mvua, nikaiachia mipapindi tangi, na zamu zangu nikawarudishia wenyewe: mama wa ndizi, kisha fundi, shangazi akawa wa mwisho.

Ilikuwa kiangazi, jua kali, hakuna upepo. Nilifungua maji yakaingia kwenye maharage yake, naye akasimama kwenye tuta akiyatazama hadi mwisho wa mstari.

"Tumelipana?" nikamuuliza.

"Tumelipana, baba. Sikudai." Kisha akainua uso. "Mvua hiyo?"

Hata mimi niliisikia: matone yakichapa majani mapana, chini kule, upande wa kwangu. Mbinguni hapakuwa na wingu. Shangazi akachukua jembe lake akaondoka bila kuaga.

Nilishuka kifua mbele, mtu asiyedaiwa hata kopo la maji, na sauti ile ikazidi kadiri nilivyokaribia. Nikafungua banda. Viriba vilikuwa vikavu, na hapakuwa na jani lililotikisika, ila mvua ile ilisikika kutoka kwenye miche yenyewe, yote imeinamia upande wa Pemba.