Sanda ya Kuazima

Isihaka bin Hemedi wa Misugusugu, mtu aliyewahifadhia majirani zake sanda thelathini bila kupotea hata uzi, alizikwa katika sanda ya kuazima. Yake ilikuwa imezuiliwa ofisini kama kidhibiti. Mkewe, Mwanakheri, hakulisahau jambo hilo, wala hakuona sababu ya kulisahau.

Isihaka alikuwa mzaliwa wa Kisarawe. Alihamia Misugusugu, Kibaha, mwaka mmoja baada ya Uhuru akiwa na mizani moja na mke mmoja, na hadi anakufa hakuongeza chochote katika hivyo viwili. Mwaka 1976, maduka ya watu binafsi yalipofungwa, kamati ya kijiji ilimpokonya duka asubuhi, ikatafuta meneja wa duka la kijiji hadi adhuhuri, na alasiri ikamchagua yeye: jengo lile lile, kufuli lile lile.

"Afadhali leo nimechaguliwa," alimwambia mkewe. "Zamani nilijiteua mwenyewe."

Kila siku, saa kumi kamili, alifunga duka akaenda kuwasuka binti zake sita, kazi ambayo Mwanakheri hakuiweza hata kidogo. Mteja aliyechelewa alimfuata nyumbani, akaketi mkekani, akangoja hadi mstari wa mwisho wa twende kilioni ufikie kisogoni.

Baada ya vita vya Kagera, nguo ziliadimika. Bafta ilifika dukani mara moja kwa mwaka. Wazee waliopata mgao waliitenga iwe sanda, lakini waliogopa kuiweka nyumbani, kwa kuwa wajukuu hawana adabu mbele ya bafta. Mzee Saburi alitoka msikitini siku moja akakuta yake imekwishakuwa shimizi ya bi harusi, tena bi harusi mwenyewe yuko ngomani anacheza. Alipopata mgao uliofuata, hakuupeleka kwake, aliuacha dukani. Wenzake wakafuata. Isihaka alimpima kila mmoja kwa kamba, akamkatia kwa kimo chake, akafungasha pamoja na karafuu maiti na kuweka katika sanduku la mkewe. Mwanakheri akahamishia kanga zake kapuni.

Mwaka 1983 msako wa walanguzi ulifika Misugusugu, na sanduku likafunguliwa.

"Majora thelathini na moja!" alisema ofisa mmoja, Evodius, huku akiandika. "Mzee, kwa nini unawaficha wananchi nguo?"

"Ni za wananchi wenyewe, baba. Hawajazihitaji bado."

Jibu hilo lilimpeleka mahabusu. Jina lake likabandikwa kwenye ubao wa matangazo wa ofisi, chini ya neno WALANGUZI. Mwanakheri alijua kwamba mtu aliyethibitika kuwa mlanguzi alirudi baada ya miaka, kama alirudi. Hakulia. Alifunga kanga kiunoni akapita nyumba kwa nyumba, na asubuhi iliyofuata alifika ofisini na wenye mali.

"Jina la marehemu?" Evodius aliuliza.

"Mwanamkuu binti Mfaume."

"Na wewe ni nani wake?"

"Ndiye mimi."

Evodius aliweka kalamu chini. "Bibi, kwanza shikamoo."

"Marahaba. Nipe sanda yangu, jua linachoma."

"Nitajuaje kuwa ni yako?"

Bibi Mwanamkuu alijilaza chali barazani, akafumba macho. "Pima."

Mwanakheri akakunjua kitambaa. Kilimfunika utosi hadi kidole gumba, kikabaki cha kufungia, wala hakikuzidi. Wengine walipoiona njia, wakajilaza mmoja mmoja, safu nzima, wakiitazama barabara ya Morogoro. Basi lililokuwa likipita likafunga breki. Abiria wakateremka mikono kichwani. "Jamani, ajali gani hii!" Mama mmoja alimwangukia Mzee Saburi kwa kilio, naye akafumbua jicho moja.

"Lia polepole, mwanangu. Bado napimwa."

Yule mama alirudi kwenye basi bila viatu.

Wa mwisho kujilaza alikuwa Leodegar, bwana mifugo kutoka Bukoba, Mkatoliki, mtu mrefu asiye na ndugu hata mmoja upande huu wa nchi.

"Wewe nawe?" Evodius alishangaa. "Si ninyi huzikwa na suti?"

"Suti yake tumeiona," alisema Bibi Mwanamkuu kutoka sakafuni. "Aachiwe sanda."

"Mzee Isihaka aliniambia, huna mtu huku, siku yako ikifika tusikuaibishe," alieleza Leodegar. "Akanipima. Kimo chetu ni kimoja."

Ikabaki sanda moja.

"Hiyo ni ya mume wangu," alisema Mwanakheri. "Mnaye humo ndani. Mtoeni ajilaze."

"Mtuhumiwa haruhusiwi kujilaza barazani."

Isihaka aliachiwa alasiri ile ile, kwa kuwa hakuna sheria inayomtia mtu hatiani kwa sanda za watu walio hai na wenye midomo. Sanda yake haikuachiwa. Jalada, alielezwa, haliwezi kufungwa bila kidhibiti. Na kidhibiti hakiwezi kutoka mpaka jalada lifungwe. Kibaha walisema kipo Kisarawe. Kisarawe walisema waulizeni Kibaha. Alikwenda mara kumi na moja. Jina nalo likabaki ubaoni.

"Watu hawa," alimwambia mkewe huku akicheka, "nitaihitaji kabla hawajaitoa."

Hakukosea. Alifariki Novemba 1984, na dukani hapakuwa na bafta. Wazee walileta zao wakigombana nani atangulie kutoa, lakini ya Bibi Mwanamkuu ilimfika magotini, na ya Mzee Saburi haikuizidi hiyo sana. Ndipo Leodegar alipoingia na furushi kwapani. "Ni kamba yake mwenyewe iliyoipima hii," alisema.

Mwanakheri aliendelea na safari za mumewe, Kibaha na Kisarawe, hadi Julai iliyofuata, alipokabidhiwa sanda ikiwa na muhuri wa KIDHIBITI katikati. Aliifua mara tatu kwa maji ya moto, muhuri haukutoka. Akampelekea Leodegar hivyo hivyo.

Leodegar aliusoma. "Mama, na hii si watanikamata huko niendako?"

"Waambie waniite. Nitakuja na mashahidi."

Kisha akachukua birika la maji yale yale ya moto, akaenda nalo ofisini, akaumwagia ubao mbele ya Evodius, ambaye ghafla alikumbuka kazi chumba cha pili. Gundi ililegea upesi kuliko wino. Jina la Isihaka bin Hemedi lilitoka ubaoni Jumatatu, tarehe 12 Agosti 1985.