Mama Mkwe Anamwita Mlimani, Dozi Iko Mjini

Admin, jina langu libaki kwako tu. Mimi ni mama wa miaka 33, nashona nguo hapa Kihonda, nimeolewa na tuna binti mmoja. Mume wangu alikuwa anatumia unga. Nasema alikuwa, ingawa kuna siku naogopa hata kulitamka hilo neno.

Nimemfuata vijiweni nikiwa mjamzito. Nimekaa naye akigalagala kwa arosto, yale maumivu ya kukosa unga, nimeitwa mke wa teja sokoni watu wakisikia. Kilichotuokoa ni kliniki ya methadoni. Ile dawa ya kuzuia arosto anainywa palepale mbele ya muuguzi, kila asubuhi, hata sikukuu. Taratibu mume wangu akarudi. Akanenepa, akapata kibarua cha kufyatua matofali, akaanza kumsuka binti yake nywele. Anamsuka vibaya, lakini mtoto hataki nizifumue.

Kwao ni juu Uluguru, ndani kabisa, na kule hawajui lolote. Wanajua aliwahi kuumwa tu. Mwaka jana dada yake alifariki, akapanda kuzika akisema kesho yake atashuka. Mvua ikanyesha, barabara ikakatika. Alipofika mjini alikuwa amekosa dozi siku kadhaa, mwili unatetemeka, na hakufika nyumbani. Alipitia kijiweni. Ilituchukua miezi kumrudisha kliniki.

Sasa mama mkwe anaumwa sana, na masika ndiyo haya. Alinipigia mwenyewe, sauti imekauka. “Mwanangu, simwiti aniletee kitu. Aje nimwone tu.” Nikamjibu, “Sawa mama, atakuja.” Nilipokata simu nililia, machozi yakadondokea gauni la mteja.

Tulienda kliniki kuuliza. Daktari alituelewa, ila akasema bado ni mapema kumpa dozi za kuondoka nazo. Akashauri tumshushe mama, tumuuguzie mjini. Nikampigia mjomba wa mume wangu, maana ndiye mwenye kauli kwenye ukoo wao.

“Shikamoo mjomba. Tunaomba mama tumuuguze huku.”

“Marahaba. Mgonjwa si gunia la karoti la kushushwa mjini! Huyo mwanawe ana miguu, apande.”

Nikamwomba mume wangu tumweleze mjomba ukweli, labda atakubali. Alipiga magoti, mwanaume mzima, akanishika mikono. “Mama yangu afe akijua alizaa teja? Usinifanyie hivyo. Bora nipande, barabara ikikatika ikatike.”

Jana shangazi yake katuma ujumbe kwamba mama hali tena chakula, anataja jina la mwanawe tu. Mume wangu aliusoma. Akachukua gumbuti zake, akaziosha, akaziweka mlangoni. Binti yetu akamuuliza, “Baba, unaenda wapi?” Akageukia ukutani.

Nikimwambia mjomba, nitakuwa nimemvua nguo mume wangu mbele ya ukoo wake, na huenda asinisamehe maisha. Nikinyamaza, atapanda, na sijui atakayeshuka atakuwa nani. Na yule mama naye ana haki ya kumwona mwanawe kabla hajafumba macho.

Mliowahi kuishi na mtu aliye kwenye dawa, naombeni mawazo yenu leo hii, maana gari la kupanda linaondoka kesho mchana. Nisemeje, na nimwambie nani, jamani?