Waonaji Wanaojiita Manabii

Enzi zetu pale Makindye, sisi watoto wa Wakenya waliohamia Kampala kutafuta kazi, Jumapili ilinukia mandazi na mafuta tuliyopakwa mpaka visiginoni. Ibada ya Kiswahili ikianza, wadogo tulipelekwa nje kwa Mwalimu Roda, mama mnene aliyeuza vitenge sokoni siku nyingine. Tulikaa kwenye nyasi tukitamani kucheza kwepena, ule mchezo wa kukwepa mpira wa matambara, lakini hakuna aliyeinuka kabla ya kujibu swali.

Swali alilolipenda ni hili: mwonaji na nabii wana tofauti gani? Alikiri kwamba Biblia yenyewe inasema nabii hapo zamani aliitwa mwonaji, na Samweli alikuwa yote mawili. Ila kazi hizo si moja. Sauli alipopotelewa na punda wa baba yake, alimwendea mwonaji. Nathani hakuitwa na mtu. Alitumwa, akaingia kwa mfalme Daudi aliyechukua mke wa mwenzake, akamwambia usoni.

"Mwonaji unamfuata wewe," Mwalimu alisema huku akimvuta sikio aliyesinzia. "Nabii anakufuata yeye, na hutafurahi."

Leo neno nabii limebandikwa kwenye kila nguzo ya umeme Kawempe. Vijana wanawauliza manabii hao kwa simu lini watapata viza ya Dubai. Bando likiisha, unabii nao umekatika. Ningecheka, kama mdogo wangu Atieno asingekwenda kwa mmoja wao akiwa mjamzito, baada ya mimba mbili kuharibika. Nabii wake alifumba macho, akasema anamwona mwanamke mzee wa damu yake amelifunga tumbo. Atieno akaelewa ni mama yetu.

Nilikwenda kanisani kwake kujionea. Getini, wahudumu wenye beji humhoji kila mgeni kwa upole: unaishi na nani, nini kinakusumbua? Kisha huingia kwa mlango wa nyuma kumpa nabii majibu hayo kabla hajapanda jukwaani. Hayo ndiyo macho yake. Nilimweleza Atieno.

"Kaka, wewe hukuwepo alipoona," akajibu. "Mama asije kwangu."

Mama alikuwa anachambua maharagwe nilipomfikishia maneno hayo. Hakuinua kichwa.

"Nathani alifika mpaka kwa Daudi," akasema. "Huyu wenu mbona hajapiga hodi hapa? Aje aniseme nikimtazama."

Hajaja, wala hatakuja. Wale wa zamani waliwaendea wafalme wenye panga. Huyu anamshtaki bibi kizee asiyekuwepo, kisha umati unapiga makofi. Hasira yangu haijapoa, na sitaki ipoe.

Tulipokuwa wadogo, mtoto akizaliwa, bibi ndiye aliyemwogesha wa kwanza, na nyumba nzima ilijaa harufu ya uji. Atieno alijifungua salama, mtoto wa kike. Sasa ana meno mawili. Mama anamjua kwa picha iliyo kwenye simu yangu.